Hitima ya Mtoto Aliye Hai

Aliyefungua mlango alikuwa mwanangu mwenyewe. Mimi nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga, nikampigia kelele asifungue mpaka nitazame ni nani, lakini alishafungua. Mwanamke aliyesimama pale nilimjua kwa sura tu, sura za harusini: nesi, mtu wa pwani kama sisi, makazi yake DeSoto. Alikuwa amejitanda leso juu ya sare ya kazi, na mikononi amebeba sufuria la pilau lililofunikwa kwa foili. Kutoka DeSoto mpaka kwetu Garland unaivuka Dallas nzima. Mtu haivuki Dallas na sufuria la moto kwa jambo dogo.

Alimtazama mwanangu, akaliweka sufuria kizingitini, akainama akampapasa kichwa.

"Na wewe ndiye uliyebaki," akamwambia.

Mwanangu hana ndugu. Ni mmoja tu, ndiye huyo huyo.

Nikatoka nikijipangusa mikono. Yule mama akanikumbatia kabla ya salamu, akanishika hasa, akaniambia makiwa. Kwetu neno hilo haambiwi mtu ila aliyefiwa. Nikamuuliza makiwa ya nani. Akaniambia nisijikaze mbele yake, yeye naye amezaa na amezika.

"Mama, mimi sijafiwa," nikamwambia.

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyepandwa na huzuni kichwani. Akatoa simu. Na hapo nisimlaumu, kwa sababu sisi hatumpigii mtu simu kumuuliza kama kweli amefiwa. Ni utovu wa adabu. Ukisikia, unapika, unakwenda kuhani. Ukikuta si kweli unamshukuru Mungu na pilau lako.

Kwenye simu alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, amesimama katika bunge la taifa la Kanada, suti ya buluu, mkono kifuani. Alikuwa akizungumzia bei ya dawa. Akasema, kwa Kiingereza chake kizuri kile, kwamba mtoto wa ndugu yake huko Texas alikuwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu, kwamba kampuni ya bima ilimzungusha mama yake kwenye simu mpaka dawa ikachelewa, na kwamba familia ilimzika msichana huyo katika joto la kiangazi, ndani ya sanda ndogo nyeupe. Akalitaja jina lake. Wabunge wakanyamaza. Wa upande wa pili nao wakanyamaza.

Nikahisi kitu ubavuni. Mwanangu alikuwa amepenyeza kichwa chini ya kwapa langu na anatazama. Kiingereza anakijua kutushinda mimi na baba yake.

Nimevumilia mengi ya ukoo huo. Hilo ndilo lililonikata. Nikaliokota sufuria, nikamrudishia mwenyewe mikononi, nikamwambia mama, Mungu akulipe, lakini matanga ya mwanangu siyali. Nikafunga mlango. Kisha nikaifuata simu ya pili ya mume wangu, ile anayoiacha nyumbani kwenye chaji akiwa safarini, maana nikipiga kwa yangu hupokea msaidizi wa yule bwana.

Kabla sijasema alichonijibu, niseme kwanza ni mtu gani. Msomaji asije akadhani aliteleza ulimi.

Alikwenda Kanada kusoma, akabaki. Akaanza na kamati ya wapangaji, akaingia kwenye bodi ya shule, akagombea bunge la mkoa akaanguka, akagombea tena akapita. Alikaa kwenye bunge la mkoa miaka mingi, mara upinzani, mara serikalini, mpaka akawa mtu ambaye waziri akiumwa yeye ndiye anasimama kujibu maswali. Mimi niliolewa katika ukoo huu akiwa tayari mheshimiwa. Kwa mavyaa, mama yake mume wangu, huko Houston, bango lake la kampeni limetundikwa sebuleni: yeye, theluji, na tabasamu. Majirani wa Gulfton, mtaa wake, huuliza kama huyo ni wakili wa ajali, maana Houston mtu mwenye tabasamu lile kwenye bango huwa ni wakili wa ajali. Mavyaa hujibu kwa fahari kwamba huyo ni serikali.

Kila alipogombea alikuwa na hadithi. Mara ya kwanza alisimulia kwamba baba yake alikuwa mpagazi wa bandarini, akavunjika mgongo kwa kubeba magunia ya watu. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na duka la misumari na rangi Mombasa, na alikufa kitandani mwake kwa sukari. Klipu ile ilipoingia kwenye grupu ya familia watu walicheka. Wifi yangu, yule wa Houston anayeishi na mama, akaandika kwamba kumbe marehemu alikuwa na nguvu hivyo na hakuwahi kumbeba hata kuku.

Mara ya pili ilikuwa zamu ya mama. Alisema mama yake hakujua kusoma, na kwamba yeye, mtoto, akirudi shule jioni ndiye aliyemfundisha herufi. Mavyaa amefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Kuna watu wazima hapa Texas, wenye magari yao, bado wanamwita mwalimu na kuficha mikono nyuma. Safari hiyo kicheko kilikuwa kidogo. Nilimuuliza mwenyewe kama hakuumia.

"Mwache," akasema. "Ndiyo kazi yake."

Basi akaachwa. Alianza na maiti, ambaye hana la kusema, akaja kwa mama, ambaye hatasema. Mtu akiachwa namna hiyo hasimami mahali.

Mwanangu aliingiaje humo? Kwa mdomo wangu. Alizaliwa na sikoseli, na maumivu yakimshika hushika mifupa yote kwa mpigo, miguu, mgongo, mpaka anakunjamana kama karatasi. Kiangazi kimoja yalimshika vibaya, tukalazwa. Kampuni ya bima kweli ilinizungusha, muziki wa simu nikaukariri. Sisi tumelelewa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiuguliwa unawaambia wakubwa, ili usomewe dua. Nikatuma sauti kwenye grupu ya familia, nikilia, nikiwaomba wamwombee mtoto. Nilisema mengi mle. Nilisema kwamba nimechoka, na kwamba naogopa kumzika katika nchi ambayo sijui hata makaburi yetu yako wapi.

Mtoto akapona. Hospitali haikumkosea kitu, nalisema hilo kwa herufi kubwa. Shemeji alipiga simu kutoa pole, akauliza maswali mengi, ilikuwaje na bima, nikaona huruma ya baba mkubwa. Mwezi haukupita akaisimulia kwenye bunge la mkoa. Wakati ule aliisimulia kama ilivyokuwa: mtoto aliugua, dawa ilichelewa, mtoto akapona. Watu walimpigia makofi. Mume wangu aliniambia angalau safari hii kasema kweli, na mimi, ingawa sikupenda, nikanyamaza.

Kisha akahama bunge la mkoa, akagombea la taifa, akapita, na chama chake, kilichokuwa serikalini, kikamfanya msemaji wake wa mambo ya dawa. Na huko juu, nadhani, mtoto aliyepona hatoshi.

Nirudi kwenye simu. Alipokea akidhani ni mdogo wake. Nikamwambia ni mimi.

"Shemeji! Kwanza pole," akasema.

"Pole ya nini?"

Akaanza, taratibu, kama anayemwogesha mtoto. Kwamba hotuba zinaandikwa na vijana wa ofisini. Kwamba walichanganya habari yetu na ya familia nyingine. Kwamba yeye alipoifikia ile sentensi alikuwa amesimama mbele ya nchi nzima na hakuweza kurudi nyuma. Kwamba atairekebisha, inawezekana, mbunge anasimama tu anasema alikosea, lakini si sasa, kwa sababu baraza la mawaziri linapangwa upya na jina lake limo.

"Ukikanusha sasa unawapa adui zangu kisu," akasema. "Politics ni hivyo, shemeji, usichukulie vibaya."

"Mheshimiwa, mwanangu yuko hapa mbele yangu anakunywa maziwa."

"Na Mungu amweke," akasema. "Sasa niambie, nani ameumia?"

Sikuwa na jibu. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba kwa dakika ile sikuwa na jibu. Nilimwona mwanangu amekaa na gilasi yake, mdomo wa juu mweupe kwa maziwa, na kwa macho hakuwa ameumia popote.

Mume wangu aliporudi na lori lake nilimwambia yote. Alikwishaiona ile klipu. Aliitazama peke yake kwenye kituo cha mafuta huko njiani, akaifuta, akadhani sitaiona. Nisimchore mume wangu vibaya. Baba yao alipokufa yeye alikuwa mdogo, na kaka ndiye aliyemwogesha, akamvisha, akamfundisha kuendesha baiskeli. Mbele ya kaka yake mdomo wake haufunguki. Alichosema ni kwamba tungoje baraza lipangwe.

Tukangoja. Simu za kuhani zikaendelea kuingia, moja moja, kutoka kwa watu ambao klipu iliwafikia kwa kuchelewa. Nilimjibu kila mmoja kwamba mtoto yu hai, na kila mmoja alinyamaza kidogo kabla ya kusema alhamdulillah, na katika ule unyamavu niliwasikia wakipima ni nani kati yetu mwongo. Mmoja aliniuliza kwa upole kama nina mtu wa kuzungumza naye, mshauri, kwa sababu kuna kina mama wanaokataa kukubali.

Mwalimu wa shule naye akapiga. Mwanangu alikuwa amewaambia watoto wenzake kwamba yeye alikufa Kanada. Mwalimu alisema wamelicheka, ni mambo ya watoto. Mimi sikucheka.

Halafu maumivu yakaisha. Naandika hivi kwa sababu ndivyo nilivyoona wakati ule: yaliisha. Mtoto ambaye hakumaliza mwezi bila kuniambia mama mguu, mama mgongo, akawa hasemi kitu. Nikimuuliza anatikisa kichwa. Daktari alipomuuliza alisema yuko sawa, akatabasamu, na nikamwona amekaa juu ya mikono yake. Nikaona kwamba amekaa juu ya mikono yake, na nikafikiri ni baridi ya chumba.

Baraza likapangwa. Akawa waziri mdogo. Bango jipya likaletwa Gulfton. Mimi nikasubiri asimame arekebishe, hakusimama. Nikamwandikia, akanijibu mtu nisiyemjua akinishukuru kwa kumuunga mkono mheshimiwa.

Kisha binti wa wifi yangu akaposwa, na nikaha ikawa Houston, na mheshimiwa mwenyewe akasema anakuja kumwozesha mpwa wake. Siku chache kabla ya safari mume wangu alinijia nikiwa nakunja nguo. Alianza mbali: joto la Houston, foleni za barabara ya 45, mtoto atachoka. Nikamwambia aseme. Akasema wifi yako anaomba, kwa ajili ya macho ya watu, kwamba mtoto abaki kwa jirani.

"Macho ya watu yatafanyaje?"

"Watu wa Houston walishaambiwa," akasema. "Akionekana, ataaibika kaka mbele ya wakwe."

Nikaendelea kukunja nguo. Nilichagua gauni lake la manjano, lile linaloonekana hata ukiwa umefumba macho, nikalitia juu kabisa ya begi.

Tulikwenda watatu. Njia nzima mtoto alikuwa kimya kiti cha nyuma, kichwa kwenye kioo. Tulipofika Corsicana nilimuuliza kama anataka kushuka ajinyooshe, akasema hapana. Nje kulikuwa kumewaka, lami inacheza kwa joto, na nilimwekea maji pembeni kila mara kwa sababu maji ndiyo dawa yake ya kwanza.

Apatimenti ya mavyaa ilikuwa imejaa wanawake kabla ya nikaha, udi umefukizwa mpaka ngazi za nje, viatu vimezagaa mlangoni. Nikamtanguliza mwanangu. Naikumbuka ile sauti ya mazungumzo ikikatika, kuanzia walio karibu na mlango hadi walio jikoni, kama maji yanavyokatika mferejini. Mwanamke mmoja alivuta mtoto wake mapajani. Mwingine, bibi wa makamo ambaye simjui, alinyoosha kidole akamgusa mwanangu mkono, akakirudisha haraka, akasoma kitu kwa midomo.

Mavyaa akanishika mkono akanivuta chumbani, akafunga mlango. Nilimuuliza watu hawa wana nini. Alikaa kitandani juu ya rundo la mabuibui ya wageni. Yule ni mwanamke mnyoofu, hata akikaa hukaa kama yuko mbele ya darasa. Siku hiyo alikuwa amejikunja.

Akaniambia kwamba klipu ilipotoka, wanawake wa Gulfton walikuja kwake kama yule wa DeSoto alivyokuja kwangu, na sufuria zao. Walikuja wengi kwa pamoja. Walitandika jamvi, wakagawana juzuu, wakamsomea mjukuu wake hitima, kisomo cha maiti. Na yeye alikaa kati yao.

"Ulikaa, Mama?"

"Nilikaa tu. Sikusema amekufa." Akaniangalia. "Wala sikusema hajafa."

Nilimuuliza aliwezaje. Hakujibu moja kwa moja. Alisema kwamba kama angesema kweli, mwanawe angeitwa mwongo na wanawake wote wa Houston kabla ya adhuhuri. Alisema aliitika amina kwa sababu dua ni dua, haiharibiki, ikimkosa maiti itamfaa aliye hai. Nikamwambia dua ya kuomba kaburi lipanuliwe inamfaaje mtoto wa darasa la kwanza. Akaanza kulia, na mimi sikumfuta machozi. Nilimpenda sana mwanamke yule. Nikatoka nikamwacha.

Sebuleni mheshimiwa alikuwa amewasili. Alikuwa katikati ya wanawake, kanzu, koti, manukato, anasalimia kila mmoja kwa jina la mwanawe wa kwanza, mama fulani, mama fulani, kumbukumbu hiyo anayo, hakuna wa kumnyang'anya. Alimwona mwanangu ukutani na gauni lake la manjano. Wote walikuwa wanamtazama atafanya nini. Nami nilisimama mlangoni pa chumba nikatazama, na moyoni, nisidanganye, nilikuwa na tumaini. Nilifikiri, mtu huyu hana pa kukimbilia tena, sasa atasema.

Alikwenda moja kwa moja, akamnyanyua, akamkalisha mkononi, akageuka naye kwa watu akitabasamu lile tabasamu la bango.

"Huyu ndiye mdogo wake," akasema. "Mungu hafungi mlango mmoja ila hufungua mwingine."

Na chumba kizima kikapumua. Mashaallah, mashaallah. Anafanana naye kweli. Yule bibi aliyemgusa kwa kidole akaja sasa akambusu. Mume wangu alikuwa mlangoni kwa nje, na wanaume, amesikia. Alitazama viatu.

Nikasema kwa sauti kwamba sina mtoto mwingine, kwamba huyu ndiye, jina lake ni lile lile. Nilisikika. Lakini wifi yangu alishanifikia, kanishika kiunoni, anaeleza watu kwa huruma kubwa kwamba mwacheni, bado hajakaa sawa. Na mheshimiwa alikuwa amemshusha mtoto, anaendelea kusalimia. Bibi harusi akatoka na vigelegele vikaanza, na sauti yangu ikafia humo.

Nilipotazama tena mwanangu hakuwepo ukutani.

Hakuwa jikoni, hakuwa kwenye ngazi, hakuwa kwenye gari. Nilimkuta katika chumba cha mavyaa, mwenyewe ameshatoka, nyuma ya kitanda, amejifunika mabuibui ya watu. Magoti yamefika kidevuni. Alikuwa ameuma mkono wa gauni lake mpaka kitambaa kimelowa, na anapumua pumzi fupi fupi kama ndege. Nikamshika kifua, kinawaka.

Nikamuuliza tangu lini. Alinijibu kwa Kiingereza chake, nami maneno yake nayaandika kwa lugha yangu kwa sababu kwa ile yake siwezi. Tangu kwenye gari. Nikamuuliza kwa nini hukusema, mama yangu, kwa nini hukusema.

"Ukisema unaumwa unapelekwa hospitali, na mimi ndiko nilikokufa," akasema. Kisha akavuta pumzi. "Na sasa mimi ni mdogo wake. Mdogo wake haumwi."

Nilimbeba nikapita naye katikati ya vigelegele. Mume wangu aliponiona uso aliacha viatu vyake pale pale, akaendesha gari peku.

Madaktari walisema ugonjwa umeshaingia kifuani. Walisema oksijeni ilikuwa imeshuka, na wakaniuliza, bila ubaya, kwa nini tumechelewa. Walimbadilisha damu, wakamwekea hewa puani. Na muda wote ule alinishikilia kidole akimtazama kila anayeingia na kudhani ndiye atakayemuua. Hapo ndipo lilipopatikana jibu la swali la shemeji yangu, nani ameumia.

Mheshimiwa hakuja hospitali. Alituma ujumbe kwa mdogo wake: anatuombea, ndege yake inaondoka, na tafadhali mtoto asipigwe picha. Niliusoma nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, na wazo likaniingia ambalo tangu siku hiyo halijatoka. Kama mwanangu angekufa pale, shemeji yangu asingekuwa mwongo tena. Kila kitu alichosema kingekuwa kweli: bima, kiangazi, sanda ndogo. Sisemi anamwombea afe. Nasema kwamba kuna mtu mkubwa, katika nchi kubwa, ambaye mambo yake yatakuwa rahisi zaidi mwanangu asipokuwepo, na mtu huyo ni baba yake mkubwa.

Mimi nimeishia kidato cha nne. Kiingereza changu ni cha kuelewana na bosi wa ghala. Nilipiga simu Kanada, kwenye ofisi za bunge, kutoka pale pale wodini. Wa kwanza aliniambia kwamba maneno ya mbunge ndani ya bunge yana kinga, hashitakiwi kwa hayo. Wa pili aliniuliza kama mimi ni raia wao, kama ni mpiga kura wake. Nikamwambia mimi ni mama wa marehemu. Akanieleza kwa utaratibu wapi pa kupeleka malalamiko: ofisi ya spika wa bunge, na kamati ya nidhamu ya chama chake. Nikamshukuru.

Wifi alipiga kuniomba nisiandike. Mavyaa hakupiga. Mume wangu alikaa upande wa pili wa kitanda akinitazama naandika kwa simu, kidole kimoja, na mtoto amelala kati yetu. Nikamwambia jina la kaka yako linakwenda juu kabisa ya hii. Baada ya muda simu yangu ikalia, na ilikuwa ni yeye, kutoka hatua mbili, amenitumia picha ya cheti cha kuzaliwa cha binti yake.

Malalamiko niliyapeleka kwa ofisi zote mbili. Jina la mtoto nililiandika kule. Hapa siliandiki, limeshatumiwa vya kutosha. Niliyoandika ni haya:

"Mimi ni mke wa mdogo wake waziri wenu. Mtoto ambaye waziri aliliambia bunge kwamba tumemzika katika Texas ni binti yangu. Hajafa. Ana umri wa miaka sita na sasa hivi amelazwa hospitali Houston, kwa sababu alificha maumivu yake akiogopa kufa kama alivyosikia waziri akisema. Nimeambatanisha cheti chake cha kuzaliwa na barua ya daktari ya leo.

"Waziri anajua kwamba mtoto yu hai. Nilimwambia mwenyewe kwa simu. Baadaye alimbeba mkononi mbele ya watu na kusema kwamba ni mtoto mwingine. Hakuna mtoto mwingine.

"Sitaki fidia. Sitaki anipigie simu, wala watu wake wasinipigie. Sitaki barua ya kuomba radhi kwangu. Nataka asimame katika bunge lile lile, kwa lugha ile ile ambayo binti yangu anaielewa, alitaje jina lake, na aseme kwamba yu hai. Nataka liandikwe katika kumbukumbu za bunge mahali pale pale palipoandikwa kwamba amekufa. Nataka kulijua hilo kabla binti yangu hajatoka hospitali, ili nimwonyeshe.

"Watu wa familia watakuandikieni kwamba nimefiwa na sina akili timamu. Sijafiwa. Siyaondoi malalamiko haya, na mtu yeyote atakayekuja kuyaondoa kwa niaba yangu, awe mume wangu au mama mkwe wangu, hakutumwa na mimi."